Kufuta picha, kufomati kwenye kamera au kwenye kompyuta: njia ipi ya kusafisha memori kadi inakufaa?

Kadi imejaa, kazi nyingine ni kesho asubuhi, na picha za leo zimeshahamishwa. Hapa ndipo wapiga picha wanapogawanyika. Mmoja anapitia picha moja moja akibonyeza kitufe chenye alama ya pipa. Mwingine anaingia kwenye menyu ya kamera na kufomati. Wa tatu anaichomeka kadi kwenye kompyuta na kuifomati huko huko. Wa nne amesikia kwamba waliotunga kiwango cha SD wana programu yao, na sasa haamini kitu kingine. Kila mmoja ana hoja, na kila mmoja anadhani wenzake wanaua kadi zao.

Hizo ndizo njia nne tutakazozilinganisha. Mazungumzo ni ya kadi za SD na microSD, kwa sababu ndizo zilizo kwenye kamera nyingi, droni na simu. Wenye CompactFlash au CFexpress wanaweza kuzingatia njia tatu za kwanza. Ile ya nne haikutengenezwa kwa ajili yao.

## Vigezo vya kulinganisha

Ndani ya kadi kuna vitu viwili vya kutofautisha: picha zenyewe, na orodha inayosema kila picha imeanzia wapi na kuishia wapi. Karibu ubishi wote kuhusu kufomati unatokana na kuvichanganya hivi viwili. Fomati ya haraka huchana ukurasa wa yaliyomo na kuacha sura zote za kitabu mahali pake. Canon wenyewe huandika kwenye vitabu vya maelekezo vya kamera zao kwamba kufomati au kufuta hubadilisha taarifa za usimamizi wa mafaili tu, na data haiondoki kabisa.

Kwa hiyo kila njia nitaipima kwa mambo matano: kinachoguswa (orodha au picha zenyewe), uokoaji (uwezekano wa kurudisha picha ukiwa umekosea, na uwezekano wa mtu mwingine kuzirudisha wakati wewe hutaki), uelewano wa kadi na kamera baada ya hapo, muda na uchakavu, na anayefaa kuitumia.

Sharti moja ni la zote: picha ziwe tayari sehemu mbili, na umezifungua kuhakikisha zinafunguka. Kuona majina ya mafaili kwenye diski hakutoshi. Faili lililokatika katikati ya kunakiliwa lina jina zuri tu kama lililo zima.

## Njia ya 1: Kufuta picha ndani ya kamera

Kinachoguswa. Orodha peke yake, tena mstari mmoja mmoja. Kadi za SDHC, yaani za zaidi ya GB 2 hadi GB 32, hutumia FAT32, mfumo mmojawapo wa kupanga mafaili ndani ya kadi. Humo, faili likifutwa, herufi ya kwanza ya jina lake hubadilishwa kuwa alama ya kusema nafasi hii iko wazi. Ndiyo sababu programu za kuokoa picha hukuonyesha majina kama ?MG_0234.JPG. Kadi za SDXC, za zaidi ya GB 32 hadi TB 2, hutumia mfumo mwingine, exFAT. Humo jina hubaki zima, kinachozimwa ni alama ya kwamba faili linatumika.

Uokoaji. Picha moja iliyofutwa kwa bahati mbaya huokoka vizuri, mradi uache kupiga papo hapo na kuiweka kadi pembeni. Tatizo huja baadaye. Ukifuta mbili hapa, tano pale, nafasi huru inabaki vipande vipande, na video ndefu itakayofuata huandikwa kwenye vipande hivyo. Orodha ikiwa nzima hutaona tofauti. Siku orodha ikiharibika, programu kama PhotoRec hulazimika kuisoma kadi kuanzia mwanzo ikitafuta vichwa vya mafaili (picha ya JPEG, kwa mfano, huanza na baiti FF D8 FF) na kukisia kwamba kinachofuata ni mwendelezo wake. Picha iliyotawanyika hutoka nusu, nusu nyingine kijivu. Yaani namna unavyofuta leo inaamua utaokoa kiasi gani siku ya balaa, na hili wengi hawaambiwi.

Uelewano. Hakuna shida. Kamera inashughulikia orodha iliyoiandika yenyewe. Tena njia hii ina faida ambayo nyingine hazina: picha ulizowekea alama ya ufunguo, zile zilizolindwa, hubaki hata ukichagua kufuta zote. Kufomati hakuziheshimu, kunaziondoa pamoja na nyingine.

Muda na uchakavu. Inachosha mkono na kula betri. Uchakavu wa kadi ni mdogo mno kuujadili.

Anayefaa. Anayehitaji nafasi kidogo wakati kazi inaendelea na hana kadi nyingine. Ninavyoona mimi, afute video au picha nyingi mfululizo za sehemu moja kuliko kudokoa. Na hukumu ya picha ipi mbaya isitolewe kwenye kioo cha inchi tatu juani.

## Njia ya 2: Kufomati ndani ya kamera

Kinachoguswa. Orodha nzima huandikwa upya. Kamera husoma ukubwa wa kadi, huweka FAT32 au exFAT inavyostahili, kisha huunda folda ya DCIM na ndogo zake, kama 100CANON au 100MSDCF, kwa kufuata DCF, kanuni ya kupanga folda na majina ya picha za kamera iliyotoka Japani mwaka 1998. Baadhi ya kamera huongeza mafaili yao wenyewe. Sony, kwa mfano, huweka faili la hifadhidata ya picha na video.

Kamera nyingi za Canon zina kisanduku cha ziada kwenye menyu hiyo hiyo: *Low level format*. Ukikiweka alama, kamera haiishii kwenye orodha. Inasafisha sehemu zote za kadi zinazoandikika. Canon wanakishauri pale kadi inapoonekana kupunguza kasi ya kuandika au kusoma, au unapotaka data iondoke kabisa.

Uokoaji. Baada ya fomati ya kawaida, picha mara nyingi zinaokoka, na hapa kadi iliyokuwa ikifomatiwa kila kazi ina nafasi nzuri kuliko iliyodokolewa: kamera ilianza mwanzo na kuandika mfululizo, basi vipande ni vichache. Lakini usiitegemee kila kamera. Baadhi huipa kadi amri ya kusafisha vitalu vyake (vile vyumba vya ndani vinavyobeba data) hata kwenye fomati ya kawaida, na vikishasafishwa hakuna programu ya kurudisha. Baada ya *low level*, hesabu kwamba picha zimekwenda.

Uelewano. Hii ndiyo nguvu yake kubwa. Kadi hutoka ikiwa na kila kitu ambacho kamera hiyo inakitarajia na haina mabaki ya kifaa kingine. Ukihamisha kadi kutoka kamera moja hadi ya kampuni nyingine bila kufomati, mara nyingi itafanya kazi, lakini utabeba folda zisizosomeka zinazokula nafasi, na kadi itaonekana ina nafasi ndogo wakati skrini inasema hakuna picha.

Muda na uchakavu. Sekunde chache. Imani kwamba kufomati kila siku kunaichosha kadi haina msingi kwa fomati ya kawaida: kinachoandikwa ni sehemu ndogo sana ya ujazo, na kidhibiti ndani ya kadi husambaza maandishi ili kitalu kimoja kisichakae kabla ya vingine. Video ya dakika chache huichosha kadi zaidi. *Low level* huchukua muda zaidi na hugusa kadi nzima, kwa hiyo haifai kuwa desturi ya kila jioni.

Anayefaa. Anayepiga picha kwa kadi zilezile na kamera ileile, kazi baada ya kazi. Tahadhari moja kwa wenye kamera za kadi mbili: menyu itakuuliza kadi ya 1 au ya 2. Soma namba hiyo kabla ya kubonyeza. Na baadhi ya DSLR za Nikon zinafomatiwa kwa kushikilia vitufe viwili vyenye maandishi mekundu, jambo la haraka sana kwa mtu aliyechoka usiku wa harusi.

## Njia ya 3: Kufomati kwa Windows au Mac

Kinachoguswa. Orodha, kama umeacha tiki kwenye *Quick Format*. Ukiitoa tiki hiyo, Windows huandika sufuri juu ya kadi nzima, na ndivyo ilivyo tangu Windows Vista.

Uokoaji. Fomati ya haraka huacha picha zinazookoleka, tena kwa kawaida bila zile amri za kusafisha vitalu ambazo baadhi ya kamera huzitoa. Ajabu ni kwamba njia inayosemwa vibaya kuliko zote huenda ikawa ndiyo ya huruma zaidi kwa aliyekosea.

Uelewano. Hapa ndipo inapokwama. Dirisha la Windows linakupa NTFS, mfumo wa diski za Windows, kama chaguo, na kamera hazisomi NTFS. Mac inakupa mifumo yake, APFS na Mac OS Extended, nayo kamera hazisomi. Kwa miaka mingi dirisha hilo la Windows halikutoa FAT32 kwa kadi inayozidi GB 32, likawaacha wenye vifaa vya zamani wakihangaika. Hata ukichagua mfumo sahihi, kompyuta huiona kadi kama diski yoyote ile. Hailazimiki kupanga mipaka ya orodha ilingane na vitalu vya ndani vya kadi, na isipolingana, kadi hufanya kazi ya ziada kila inapoandika. Kwa picha za kawaida hutahisi. Kwa video nzito kwenye kadi iliyo ukingoni mwa kasi yake, unaweza kuhisi.

Kuna pia kufuta kwa kompyuta bila kufomati. Mac haifuti: inayahamishia mafaili kwenye folda iliyofichwa iitwayo .Trashes, humo humo ndani ya kadi. Kamera inasema hakuna picha, nafasi nayo haijarudi. Ukimwaga pipa la Mac kadi ikiwa bado imechomekwa, tatizo linaisha. Sony nao, ukigusa mafaili yao kwa kompyuta, huenda wakakupokea na ujumbe wa hitilafu ya hifadhidata. Kamera itakuomba iirekebishe, ikubalie.

Muda na uchakavu. Sekunde chache kwa ya haraka. Ya kadi nzima ni dakika nyingi.

Anayefaa. Mwenye kadi ambayo kamera imekataa kuifomati, au iliyotoka kwenye kifaa kingine ikiwa imegawanywa sehemu mbili tatu, kama kadi iliyokuwa ikiendesha Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja. Kompyuta inaweza kufuta migawanyo hiyo. Baada ya hapo, irudishe kwenye kamera uifomati tena.

## Njia ya 4: Programu ya SD Association

SD Association ni shirika lililoundwa mwaka 2000 na Panasonic, SanDisk na Toshiba, kampuni zilizoileta kadi ya SD mwaka uliotangulia. Programu yao, *SD Memory Card Formatter*, hupatikana bure kwa Windows na Mac.

Kinachoguswa. Una chaguo mbili. *Quick* hugusa orodha. *Overwrite* huandika juu ya data yote. Hakuna inayogusa sehemu ya ulinzi iliyofichwa ndani ya kadi.

Uokoaji. *Quick* ni kama fomati nyingine za haraka: usihesabu kwamba picha zimeangamia, wala usihesabu kwamba utazipata. *Overwrite* ikimaliza, programu za kawaida za kuokoa hazitoki na kitu.

Uelewano. Bora kuliko njia ya 3. Huchagua mfumo kwa kufuata kiwango, bila kukuachia nafasi ya kubonyeza NTFS, na hupanga mipaka kama kadi inavyotaka. SD Association wanashauri kwa mkazo itumike badala ya zana za mifumo ya kompyuta. Haijui folda wala hifadhidata ya kamera yako, lakini kamera itaziunda yenyewe ukiiwasha.

Muda na uchakavu. *Overwrite* ni subira. Kadi ya GB 128 inayoandika MB 30 kwa sekunde itachukua zaidi ya saa moja; ya MB 90 kwa sekunde, kama dakika 24. Kila *overwrite* ni kuijaza kadi mara moja kamili, basi itumie kwa sababu.

Anayefaa. Mwenye kadi yenye tabia za ajabu, anayebadilisha kadi kati ya simu, droni na kamera, na anayeuza au kugawa kadi.

## Yasiyotibika kwa fomati yoyote

Kadi bandia ni la kwanza. Kidhibiti chake kimefundishwa kudanganya: kinasema GB 512 wakati ndani mna GB 16. Utaifomati vizuri, utapiga vizuri, na kuanzia pale ujazo halisi unapokwisha, kila picha mpya inakwenda hewani au inaandikwa juu ya zilizotangulia. Fomati haiwezi kulijua hilo. Kinachoweza ni kuijaza kadi yote kisha kuisoma tena, kazi inayofanywa na H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac. Kadi mpya, iwe umeinunua Kariakoo, Luthuli Avenue au mtandaoni, ipitishe kwenye kipimo hicho kabla ya kwenda nayo kazini. Inachukua muda, lakini hakuna njia fupi.

La pili ni kadi iliyochoka. Baadhi zikifika mwisho hujifunga zisiandikike: unafomati, unaambiwa imekamilika, unaichomeka tena na picha za zamani ziko pale pale zinakutazama. Kabla ya kuitupa, angalia kitelezo cha ubavuni. Kile ni kipande cha plastiki tu. Kadi yenyewe haijui kiko wapi, ni tundu la kamera au kompyuta ndilo linalokisoma. Kikilegea, kamera itasema kadi imefungwa wakati kadi ni nzima.

La tatu ni virusi vya shotikati, vile vinavyoficha folda zako na kuweka njia za mkato (shotikati) mahali pake baada ya kadi kupita kwenye kompyuta ya stesheneri. Picha kwa kawaida zipo, zimefichwa tu. Nakili kwanza kwenye kompyuta safi, fomati baadaye. Na ukilazimika kuipeleka kadi ya SD kuchapisha picha kwa mtu, telezesha kile kitelezo kwenye *Lock*. Hapa plastiki hiyo inalipa.

## Wewe uko wapi?

Unapiga harusi, sendofu na mahafali kila wiki. Fomati kwenye kamera kabla ya kazi inayofuata, si mara tu baada ya kuhamisha. Kadi iliyokaa na picha za Jumamosi hadi Ijumaa ni nakala ya tatu ambayo hukuilipia. Kama una kadi za kutosha kuzungusha, ni bora zaidi: nne za GB 32 zinagawanya hasara, moja ya GB 128 inaikusanya, ingawa kwa video ndefu kubadilisha kadi katikati ya kiapo nako ni hasara. Mwenye kamera ya kadi mbili aweke ziandike picha ileile zote mbili.

Unapiga kwa ajili ya familia na kadi ina picha za miaka. Usianze na kufomati wala kufuta. Anza na kunakili. Kumbukumbu za flashi hushikilia data kwa chaji za umeme ambazo huvuja polepole, na kadi iliyosahauliwa kabatini si mahali pa kuhifadhia utoto wa mtu.

Kadi yako huzunguka kati ya simu na kamera. Tumia programu ya SD Association unapohamia kamera. Android tangu toleo la 6 inaweza kuigeuza kadi iwe sehemu ya hifadhi ya ndani. Ikifanya hivyo inaisimba, yaani inaifunga kwa siri inayofunguliwa na simu hiyo tu, na hakuna kamera wala kompyuta itakayosoma kilichomo. Picha zitoe kwa simu ileile kabla ya kufomati.

Video inakatika yenyewe na kamera inalalamika kasi. Jaribu *low level* au *overwrite* mara moja. Isiposaidia, soma maandishi ya kadi: V30 inaahidi kuandika angalau MB 30 kwa sekunde, V60 MB 60, V90 MB 90. Ile namba kubwa ya MB 170 au 200 iliyochapishwa mbele kwa kawaida ni kasi ya kusoma. Na kama video zako zinagawanyika kila zikifika GB 4, kadi haina kosa; ni mpaka wa FAT32, na utaisha ukipanda hadi kadi ya SDXC.

Unauza kamera, au picha ni za watu wanaoweza kudhurika. Mwandishi wa habari, mwanasheria, daktari: *overwrite*, au *low level* kwa wenye Canon. Kwa kadi iliyobeba jambo zito kweli, usiiuze. Kidhibiti huweka vitalu vya akiba ambavyo hakuna fomati inayovifikia, na bei ya kadi kuukuu haifikii hatari hiyo. Ivunje.

Kadi ina picha ambazo hujazihamisha, na kamera au Windows inakuambia uifomati. Kataa. Zima kamera, toa kadi, usipige hata picha moja zaidi. Jaribu kisomakadi kingine kwanza, maana mara nyingi kilichoharibika ni kisomakadi au adapta ya microSD. Ikisomeka, nakili yote. Isiposomeka, endesha PhotoRec, ambayo ni ya bure na haiandiki kwenye kadi unayoiokoa, na uelekeze picha ziende kwenye diski nyingine. Usikubali Windows ikurekebishie makosa kabla ya hapo. Marekebisho yake huandika kwenye kadi, na yanaweza kukuachia folda ya mafaili yanayoitwa FILE0000.CHK mahali pa picha zako. Picha zikishatoka ndipo uifomati kwenye kamera, uijaribu kwa H2testw au F3, na ikikosea tena hata mara moja, iondoe kwenye begi la kazi.